Tembe na Boma: Ulinzi wa Unyanyembe

Aliyezoea ngome za pwani huja Tabora na kipimo cha mawe. Ameiona Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ambayo buruji zake zimejitokeza nje hata kila ukuta walindwa na buruji iliyo kando yake. Akifika Kwihara, akaitazama tembe ya udongo yenye paa bapa, husema kwamba bara hapakuwa na ngome, ila nyumba tu. Hukumu hiyo ina kasoro, kwani hupima jengo kwa umbo lake, wala si kwa kazi yake.

Ngome ya pwani ilijengwa na dola ili ilinde bandari na kukaliwa na askari. Tembe ilikuwa makao ya mfanyabiashara, pamoja na pembe zake, nguo zake na watu wake, katika njia ya Bagamoyo na Ujiji. Vyumba vyake huuzunguka ua. Kuta za nje ni nene. Paa la udongo halishiki moto upesi kama nyasi. Hayo yote ni mambo ya makazi, tena yote hufaa vitani. Agosti 1871 Mirambo alipoishambulia Tabora na kuichoma moto, Stanley, aliyekuwa Kwihara, alitoboa kuta za tembe apate matundu ya bunduki, akachimba handaki, akabomoa vibanda na nyua zilizokuwa karibu. Kwa muda mfupi nyumba ikawa ngome.

Ushahidi mkubwa zaidi ni boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe. Wajerumani waliliita Quikuru kwa Sikki. Na kwikuru, yaani makao ya mtemi, ni ndugu wa neno ikulu la Kiswahili cha leo. Mwaka 1892 walilishambulia wakarudishwa. Lilianguka Januari 1893 mbele ya Tom von Prince, naye Isike akaona afadhali kuilipua ghala yake ya baruti kuliko kutekwa. Ukuta uliowarudisha watu wenye silaha za Ulaya haustahili kuitwa ua wa kijiji.

Leo tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya, ni makumbusho, na jina litajwalo kwanza humo ni la Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872. Si vibaya akumbukwe. Lakini ikiwa mwanafunzi ataonyeshwa chumba cha mgeni bila kuelezwa maana ya ukuta, atatoka akidhani kwamba watu wa Unyanyembe waliwapokea wageni tu, asijue kwamba walijua pia kujilinda.