"Angeweza" si "Huenda": Kasoro Moja ya Tafsiri Zetu

Biryogo, mtaa wa Kigali wenye wazungumzaji wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, mtu huanza sentensi kwa Kinyarwanda na kuimaliza kwa Kiswahili. Serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Kwa hiyo sisi wanafunzi wa hapa tunatafsiri kila siku, na kuna kasoro moja ninayoiona mara kwa mara katika kazi zetu.

Tuchukue sentensi hii: "Juma could have taken the money." Wengi wetu huandika, "Juma angeweza kuchukua zile pesa." Tafsiri hiyo ni sahihi kwa maana moja tu: nafasi aliipata, lakini hakuchukua. Sentensi ya Kiingereza ina maana ya pili pia: hatujui, labda alichukua. Hapo Kiswahili husema, "Huenda Juma alichukua zile pesa." Sentensi ya kwanza inamsafisha Juma, ya pili inamtia shakani. Mtaani, ambako habari hutoka dukani ikafika msikitini kabla ya adhuhuri, tofauti hiyo ni heshima ya mtu.

"Must have taken" nayo hutafsiriwa vibaya zaidi. Nimesoma "alilazimika kuchukua", kana kwamba Juma alishurutishwa. Msemaji hasemi habari ya shuruti. Anakisia kutokana na dalili. Kiswahili kina njia yake: "Atakuwa amechukua." Kiambishi -ta- tumezoea kukiita cha wakati ujao, lakini hapa kinabeba kisio kuhusu jambo lililopita.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina vitenzi kama "could", "might" na "must". Sikubaliani nao. Kazi hiyo Kiswahili kimeigawa kati ya viambishi -nge-, -ngali- na -ta- na maneno kama huenda, labda na bila shaka. Udhaifu uko kwetu, tunaotafuta neno moja la kulipa neno moja.

Kabla ya kutafsiri, tujiulize maswali mawili: je, jambo lilitokea? Na msemaji anajua, au anakisia? Muktadha usipotoa jibu, ni afadhali kuacha utata ubaki, kwa mfano "Juma alikuwa na nafasi ya kuchukua zile pesa", kuliko kumhukumu mtu kwa sarufi.