Sifa ya Jembe Jepesi

Mbele ya duka la pembejeo, majembe yakiwa yamepangwa sakafuni bila mipini, wanunuzi wengi hufanya jambo moja: huinua hili, huinua lile, kisha huondoka na lililo zito zaidi. Hoja yao inaeleweka. Ardhi ni ngumu, basi chuma nacho kiwe kizito; tena bei zikikaribiana, aliyebeba kilo nyingi huhisi amepata zaidi. Kwa pori linalofunguliwa kwa mara ya kwanza hoja hiyo ina nguvu. Kwa bustani ya mchicha, nyanya na sukuma wiki, inayolimwa na mtu mmoja jioni baada ya shughuli nyingine, haisimami. Humo linalofaa ni jembe jepesi lenye bapa jembamba, lililofuliwa vizuri na kupachikwa mpini unaomfaa mlimaji wake. Jembe la namna hiyo ni kazi ya fundi anayejua pa kuacha chuma na pa kukiondoa, na kulichagua nako ni sehemu ya ufundi huohuo.

Tuanze na udongo wenyewe, maana ugumu si wa aina moja. Wasukuma huutaja udongo wao kwa majina yanayofuata mteremko: luseni, mchanga wa juu, itogolo, udongo unaokauka ukashikamana mpaka jembe linaacha alama tu, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliingiza katika sayansi wazo hilo la udongo kubadilika kwa mpangilio toka kilimani hadi bondeni. Mlimaji anajifunza nini hapo? Kwamba udongo mgumu una tabia. Mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa, na nyufa hizo ni milango. Itogolo ikilowana kidogo hulegea, ikikauka hukaza tena. Kazi basi ni kupasua, na kupasua kunahitaji makali yanayoingia pembamba pale udongo ulipo dhaifu. Ndiyo maana mlimaji stadi huanza kwa kuchimba mfereji mdogo, kisha hukata ukingo wake kidogo kidogo, kwa kuwa bonge hubanduka kwa urahisi likiwa na nafasi ya kuangukia. Bapa pana na zito hupigana na ardhi yote kwa pamoja, jembamba huimega.

Hesabu inaunga mkono jambo hili. Nguvu ya pigo hukua kadiri ya uzito wa jembe, lakini hukua zaidi kwa mwendo wake, kwa kuwa mwendo huzidishwa kwa wenyewe. Jembe la kilo 1 likishuka kwa mwendo unaozidi ule wa jembe la kilo 1.5 kwa asilimia 22 hivi, mapigo yao huwa sawa, na mkono huharakisha chepesi kwa urahisi kuliko kizito. Halafu upana: pigo lilelile likigawanywa kwenye makali ya sentimita 10 badala ya 20, kila sentimita hupata nguvu maradufu. Atakayesema kwamba bapa jembamba huchota udongo kidogo amesema kweli kwa udongo tifutifu. Kwenye udongo mgumu lile pana haliingii lote, hivyo upana wake ni mzigo tu. Jembe la meno hutumia siri hiyohiyo, likikusanya pigo kwenye ncha tatu au nne na kuuacha udongo upasuke wenyewe katikati. Na hapo hatujahesabu kuinua. Mtu akipiga mara 600 jioni moja, nusu kilo iliyozidi kwenye jembe lake ni kilo 300 alizonyanyua bure, na mgongo ndio unaolipa.

Hata hivyo wepesi hauna thamani kama chuma ni kibovu, na hapa ndipo mhunzi anapostahili sifa. Chuma laini kikifanywa chembamba hupinda, kwa hiyo asiye na chuma kizuri hulazimika kuacha bapa nene. Mwenye chuma chenye kaboni ya kutosha anaweza kulipunguza hadi kwenye makali na kubakiza unene mgongoni na kwenye tundu la mpini, kule pigo linakokaza. Ujuzi huu ni wa zamani katika nchi zetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliyeyusha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Upareni, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Unyamwezini na Usukumani jembe lilikuwa mali ya kulipia mahari. Leo wahunzi wengi wa vijijini hufua zana kutoka springi za magari mabovu, na uteuzi huo ni wa kitaalamu: chuma cha springi kimetengenezwa kipinde na kurudi bila kuvunjika.

Kupachika mpini nako ni elimu. Jembe la kienyeji lina mkia uliochongoka unaopenya kwenye kifundo cha mpini, na kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi. Jembe hujikaza kwa kufanya kazi. Jembe la tundu hupokea mpini ulionenepa upande wa mwisho, ili kichwa kinapotaka kuchomoka kizuiwe na unene huo. Katika njia zote mbili kazi yenyewe ndiyo inayokaza kiungo. Mnunuzi basi ana mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha. Aligonge bapa kwa jiwe: sauti inayolia vizuri ni dalili njema, sauti butu huashiria ufa. Aangalie kama unene unapungua kuelekea kwenye makali, au bapa zima ni bati moja lililokatwa. Atafute mpini mkavu, usio na vifundo, ambao nyuzi zake zinakwenda toka mwanzo hadi mwisho. Kisha ashike mpini kama anayelima: mikono ikishuka, makali yaikute ardhi yakiwa karibu wima, si kuilalia.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba jembe zito hujifanyia kazi lenyewe likianguka. Lakini ardhi hairudishii jembe ila kile ambacho mkono umekilipa kulipandisha. La pili lina ukweli zaidi: jembe jepesi hudunda. Hudunda likiwa butu au likipigwa kwa ulalo, na tupa pamoja na mkono uliozoea huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwenye mawe na mizizi minene, tukubali, si mahali pa jembe jepesi. Hapo ni sururu au mtaimbo, zana za saa moja ambazo mtu anaweza kuziazima kwa jirani. La tatu ni methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamkemea mvivu anayefanya zana kuwa kisingizio, na inamkemea kwa haki. Haimhusu bibi mwenye tuta la bamia nyuma ya nyumba, wala kijana ambaye bado hajakomaa mabega, wanaopewa jembe lililopimwa kwa mkono wa mwanamume mwenye nguvu. Kwao kuchagua ndiko kunakowawezesha kulima hadi mwisho wa tuta.

Jambo la mwisho linawahusu wanunuzi wote kwa pamoja. Mtengenezaji hufuata kinachoulizwa. Tukiendelea kuuliza uzito, ataendelea kutukatia mabati manene, maana hayo hayahitaji mhunzi. Tukiuliza chuma gani, makali yapungue vipi, mpini ukae wapi, tutamlipa fundi kwa ujuzi wake, naye atakuwa na sababu ya kuufundisha kwa wanaomfuata. Anayelipia kilo hupata kilo.