Oda Inayoandikwa kwa Jamu

Mteja anayekaa kaunta ndani ya mgahawa wa Waffle House asubuhi ya Jumapili, kusini mwa Marekani, huona kioja kabla hata kahawa yake haijafika. Mpishi anachukua sahani tupu, anaweka kipakti cha jamu ukingoni, anaisogeza kando. Sahani ya pili anaiwekea kipakti cha haradali, kifudifudi. Ya tatu anaidondoshea nyuzi chache za viazi vilivyokunwa. Mbele yake hakuna karatasi iliyoning'inizwa wala skrini. Wahudumu wanampazia sauti kwa zamu, naye macho yako kwenye bamba la moto. Kitambo kidogo baadaye sahani zote zimejaa, na kila mtu amepata alichoagiza.

Kampuni yenyewe huuita mfumo huu Magic Marker, kama ile kalamu nene ya wino, ingawa hakuna kalamu inayohusika. Mhudumu huandika oda kwenye kijitabu, lakini karatasi hiyo ni ya bili ya mteja, haimfikii mpishi. Mpishi hupewa sauti tu. Mhudumu husimama kwenye kigae chake maalumu sakafuni, halafu hutaja oda kwa amri tatu ambazo hazipishani kamwe: vuta, dondosha, weka alama. Kuvuta ni kutoa nyama kwenye friji, iwe bekoni au soseji. Kudondosha ni viazi. Alama ni yale yaliyobaki, hasa mayai na vimanda.

Uhodari wote uko kwenye mpangilio huo. Mhudumu mwenye meza tatu hasomi oda ya mteja mmoja hadi mwisho ndipo aanze mwingine. Hujumlisha kwanza nyama za wote, kisha viazi vya wote, ndipo afike kwenye sahani moja moja. Nyama huchelewa kuiva, viazi vinafuata, yai huiva upesi. Kwa hiyo mpishi huwa ameshatupa bekoni sita juu ya bamba kabla hajajua ni za nani, na wakati anasikia habari za mayai, mafuta tayari yanaruka. Oda imekatwakatwa kwa muda wa kuiva, si kwa mteja.

Hapo ndipo jamu inapoingia kazini. Kipakti kikikaa ukingo wa chini wa sahani, upande wa tumbo la mpishi, maana yake ni mayai ya kuvuruga. Haradali iliyolala chali ni chopsi ya nguruwe. Ikilala kifudifudi, ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kipakti cha tufaha lililopikwa likawa zito kama jamu ni mkate wa zabibu kavu. Zile nyuzi za viazi humkumbusha mpishi kwamba mlo huo unakwenda na viazi. Sahani ndiyo karatasi yenyewe, na inasomeka hata mikono ikiwa imejaa mafuta.

Viazi navyo vina lugha yake. Vya kawaida hukaangwa ndani ya pete ya chuma ili vitoke duara. Mteja akisema vitawanywe, pete huondolewa, viazi hutandazwa juu ya bamba na kuwa vikavu kila upande. Akitaka vigubikwe, vinawekewa vitunguu. Akitaka vifunikwe, jibini. Kuna neno la uyoga, la pilipili, la nyanya, na kadhalika. Wateja wazoefu huyamwaga yote kwa pumzi moja, na mgeni huweza kudhani wanagombana na mhudumu.

Mgahawa wa kwanza ulifunguliwa Septemba 1955 huko Avondale Estates, jimbo la Georgia, na majirani wawili: Joe Rogers, aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya migahawa, na Tom Forkner, dalali wa nyumba aliyemuuzia Rogers nyumba yake. Jina walilichukua kutoka kwenye wafoli, ule mkate mtamu wenye vijumba vijumba, kwa sababu ndiyo iliyowaletea faida kubwa. Leo migahawa ni zaidi ya 1,900 katika majimbo 25 hivi, karibu yote ikiwa wazi saa 24.

Mfumo una udhaifu wake, tena si mdogo. Mhudumu mwema asiyejua kitu akiona kipakti kimekaa vibaya na kukigeuza kwa nia ya kusafisha, amebadilisha chakula cha mtu. Kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita hawezi kujificha nyuma ya skrini. Ama amekariri, ama amekwama mbele ya kaunta nzima inayomtazama.

Lakini udhaifu huo una upande wa pili: mfumo usiotegemea skrini haukwami umeme ukikatika. Baada ya kimbunga Charley kupiga Florida mwaka 2004, Craig Fugate, aliyesimamia masuala ya dharura katika jimbo hilo, alianza kuutazama mgahawa huu kama kipimo cha maafa: kijani ukiuza menyu yote, njano ukiuza menyu iliyopunguzwa, nyekundu ukifungwa. Baadaye alikwenda na kipimo hicho FEMA, shirika la serikali kuu la kukabili maafa. Kimbunga kilipoisambaratisha Joplin, Missouri, Mei 2011, migahawa miwili ya kampuni hiyo mjini humo iliendelea kuhudumia watu.

Kampuni ina menyu maalumu zilizoandaliwa kwa siku za namna hiyo. Umeme ukikatika, mashine ya wafoli hulala, na kile kilichoupa mgahawa jina lake hakipatikani. Gesi ikiwa bado inawaka chini ya bamba, mayai yanaendelea. Mhudumu anasimama kwenye kigae chake, anapaza sauti, na mpishi anaweka jamu ukingo wa chini wa sahani.