Ugomvi wangu na karatasi ya "Core i7"

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, kila mashine ina karatasi: "Core i7, 8GB, 500GB", kisha bei. Juzi nilimsindikiza dada yangu kununua ya watoto, na nusura aongeze laki moja na nusu kwa ajili ya hiyo i7 tu.

Hebu tuisome vizuri. i7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa, na kizazi chenyewe karatasi haikitaji. Core i7-4600U ilitoka 2013 ikiwa na viini viwili. Core i5-8250U ya 2017 ina vinne. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi (kuanzia cha 10 zinakuwa mbili). Halafu kuna jambo la usalama: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Hiyo i7 ya bei juu haimo.

Ila kinachoniudhi zaidi ni "500GB". Ya diski inayozunguka au SSD? Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika hutumia kama milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na mkono wa kusomea nao lazima usogee. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Hapo ndipo mtoto anabonyeza mara kumi na mama anasema mashine ina virusi. SSD haina kinachozunguka, haisubiri. Kwa kazi za nyumbani, i5 yenye SSD utaiona nyepesi kuliko i7 yenye diski ya kuzunguka.

RAM je? Omba kifuniko cha chini kifunguliwe mbele yako. Mashine nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo 4GB uliyonunua ndiyo utazeeka nayo.

Muuzaji mmoja nilimuuliza kwa nini haandiki kizazi. Akacheka: "Mteja anauliza i7, kizazi nimwandikie nani?" Ana hoja, siwezi kumkatalia.

Dada alichukua i5 ya kizazi cha 8 yenye diski ya kuzunguka na nafasi moja ya RAM iliyo wazi. Laki na nusu iliyookoka ikanunua SSD, fundi akaifunga tukiwa tunakunywa chai. Ile nafasi ya RAM inasubiri mwisho wa mwezi.