Kimya cha Tamima: Ndoa Katika Utengano

Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, ilitahiniwa katika KCSE miaka ya 2000. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu ndoa katika riwaya hiyo, huandika hivi: Maksuudi ni katili, Tamima ni mnyonge, basi. Si uongo, ila jibu limekomea mlangoni.

Hebu rudi kwenye usiku wa kujifungua. Uchungu umemshika Tamima. Anayeletwa kumzalisha ni Bi Farashuu, mtu ambaye Maksuudi hataki kumwona nyumbani mwake, na anajua kwa nini: ndiye mama yake Mwanasururu, aliyemwoa, akamfuja mali, kisha akamtupa. Maksuudi anaporejea, hali ya mzazi haimshughulishi. Anatoa talaka.

Wewe uliyelelewa Likoni huhitaji kufafanuliwa zaidi. Uchungu ukianza usiku wa manane, na hospitali kuu iko ng'ambo, kisiwani, feri inasubiriwa. Ajuaye kuzalisha huitwa, haulizwi ana ugomvi na nani. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba Tamima "alimkosea mumewe kwa kumwingiza adui ndani" amelichukua neno la Maksuudi akalifanya lake. Huo si uhakiki, ni kumtolea Maksuudi ushahidi.

Ili uone uzito wa jambo hili, linganisha na filamu ya Kifaransa Le Mépris (yaani Dharau) ya Jean-Luc Godard, ya mwaka 1963, iliyotokana na riwaya ya Alberto Moravia. Paul, mwandishi wa filamu, anamwachia mkewe Camille apande gari la mtayarishaji tajiri, naye afuate kwa teksi. Tangu hapo mapenzi yameingia ufa. Mume anadadisi, anabembeleza. Wanazozana ndani ya nyumba kwa takriban nusu saa nzima, na kisa hakitajwi waziwazi. (Wengi huchoshwa na nusu saa hiyo. Mimi naiona ndiyo roho ya filamu.) Kimya cha Camille ni silaha: anaulizwa, anakataa kujibu. Kimya cha Tamima ni cha namna nyingine kabisa. Yeye hajaulizwa.

Ukiandika "Tamima ni mnyamavu" bila kueleza ni nani aliyemnyamazisha, umetaja sifa bila thibitisho, na alama huzipati.

Lawama kidogo kwa mwandishi. Baada ya talaka anamfuata Maimuna hadi mjini, kwenye ulevi na uimbaji, na kwa sehemu kubwa anamwacha mama nyuma. Maimuna anastahili kurasa hizo, lakini msomaji hubaki na kiu ya kumsikia Tamima mwenyewe.

Mwalimu, kabla ya kutoa swali la sifa za Tamima, wape wanafunzi kazi hii: wausome usiku ule tena, wahesabu ni mara ngapi Maksuudi anamwuliza mkewe jambo, kisha akangoja jibu.