Kabla ya Kuilaumu Kalibu

Nchini Marekani wako walenga shabaha na wawindaji wengi wanaoyeyusha madini ya risasi kwenye karakana za nyumbani na kujitengenezea vichwa vya risasi. Wanatumia chungu cha umeme chenye tundu chini, kalibu ya alumini au chuma, na bamba la kukatia masalia juu ya kalibu. Kazi ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni kalibu, na mara nyingi inaonewa. Chanzo huwa ni uchafu au joto.

Malalamiko makubwa ni chungu kinachovuja. Ndani yake imesimama fimbo ya chuma ambayo ncha yake inaziba tundu. Ukiinua mpini fimbo inapanda na madini yanamiminika. Ukiuachia inarudi kuziba. Chembe ya majivu ikinasa kati ya ncha na tundu, fimbo haikai sawasawa, na matone hayakatiki. Wengi hukimbilia kuongeza uzito juu ya fimbo, jambo linaloficha tatizo tu. Swali la kujiuliza ni hili: uchafu ni mwepesi kuliko risasi na kawaida yake ni kuelea, sasa umefikaje chini? Umepelekwa na kijiko. Mtu anatia nta au unga wa mbao ili kusafisha madini, anakoroga kwa nguvu, na majivu yananasa kwenye sakafu ya chungu, karibu kabisa na tundu.

Kwa haraka, izungushe fimbo kwa bisibisi mara mbili tatu madini yakiwa bado ya moto; chembe hutoka. Ikishindikana, mwaga madini yote, acha chungu kipoe, kisugue, kisha saga ncha ya fimbo ndani ya tundu lake kwa dawa ileile ambayo mafundi wa magari husagia vali. Na risasi chafu isafishwe kwenye sufuria nyingine ya chuma. Chungu cha kumiminia kipokee madini safi peke yake.

Kuhusu joto, risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mchanganyiko unaopendwa sana, wa asilimia 90 risasi, 5 bati na 5 antimoni, huyeyuka kabla ya hapo. Ila kipimajoto kinapima chungu, hakipimi kalibu. Kichwa kikitoka na makunyanzi, kalibu ni ya baridi au ina mafuta. Makunyanzi yakiisha baada ya kumimina mara kadhaa, ilikuwa baridi. Yakiendelea ingawa kalibu imeshapata moto, ni mafuta, basi iache ipoe na uioshe kwa sabuni na mswaki. Kichwa kikiwa na ukungu mweupe, kalibu imezidi moto, punguza mwendo. Kikitoka na ukingo mwembamba ubavuni, tafuta kipande cha risasi kilichoganda kati ya nusu mbili za kalibu, ukiondoe kwa kijiti cha mti kalibu ikiwa ya moto. Msasa usiguse hapo hata kidogo: alumini ikishaliwa, hairudi.

Kuna tatizo moja ambalo halitokani na kifaa. Wengi huokota vyuma vya kusawazishia magurudumu ya magari, ambavyo zamani vilikuwa vya risasi. California ilivipiga marufuku vya risasi mwaka 2010, na vya zinki vikaongezeka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na ikishachanganyika, madini huwa mazito kama uji na kalibu haijai vizuri. Unapoyeyusha vyuma hivyo, usivuke nyuzi 400: vya zinki vitaelea vikiwa vizima, uviopoe.

Maji nayo ni hatari kubwa. Tone likinaswa chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha nje, kwa hiyo kila kinachoingia chunguni kiwe kikavu kabisa, na macho yafunikwe. Hatari isiyoonekana ni vumbi la masalia, kwa kuwa lina risasi. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kazi hii haifai jikoni. Mlango wa karakana uwe wazi, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, nawa mikono kabla ya kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.