Tundu la Kizingiti

Siku yetu ya kwanza Mji Mkongwe wa Zanzibar, asubuhi nzima hatukumaliza mtaa mmoja. Tuliingia Hurumzi saa mbili, na adhana ya adhuhuri ikatukuta bado tuko Hurumzi. Rafiki yangu ni fundi wa milango Mukuru kwa Njenga, Nairobi, upande wa Sisal. Kila mlango tulioufikia alisimama mbele yake, akapapasa miimo, akachuchumaa kukitazama kizingiti, kisha akaweka sikio kwenye ubao na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Wageni wengine walipita na kamera zao, wakapiga picha, wakaenda. Simu yake yeye ilikaa mfukoni.

"Mwalimu, ngoja kwanza," alikuwa akiniambia. "Huyu fundi alikuwa na mkono."

Nikangoja. Nimemngoja hivyo hata kwetu, maana ni mtu asiyeweza kupita mlango ulioinama bila kuunyoosha.

Asiyeishi Mukuru hudhani mlango wa mabati hauna ufundi. Chumba cha futi kumi kwa kumi huanza asubuhi na jioni kikapata mpangaji: nguzo, mbao za saipresi, mabati ya geji 30, misumari, basi. Lakini ardhi yetu ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nyumba huenda nao huku na huku. Mlango uliofungika vizuri Januari, ifikapo Aprili unapigwa teke ndipo uingie. Wa rafiki yangu hauhitaji teke. Hupima kwa uzi pembe hadi pembe, mara mbili, na nyuzi zisipolingana huvunja fremu na kuanza upya. Huuwekea mbao ya mshazari kwa ndani. Upande wa komeo huacha nafasi ya unene wa sarafu ya shilingi kumi, na sarafu yenyewe huitoa mfukoni kupimia. Mteja hajui lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba usiku akiwa amelala na wanawe, mlango umeshika.

Novemba 2021 matingatinga yaliingia kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Nilimwona mama mmoja, jirani yetu, ameacha meza na kabati ndani, anapambana na misumari ya bawaba kwa kisu cha jikoni ili auokoe mlango. Bawaba zilikuwa za mpira wa tairi kuukuu, zimepigiliwa misumari minne minne, na zilikataa. Tingatinga halikumsubiri. Fundi alikuwa kando yangu, na mlango ule ni yeye aliyeutengeneza. Alikuwa ameupigilia usitoke kamwe.

Hakusema neno siku ile. Miezi baadaye alianza kuweka akiba, na nilipomuuliza ya nini akaniambia anataka kwenda kuona milango ya Zanzibar, ile iliyo kwenye kalenda ya kinyozi wetu. Nikamwambia twende wote.

Agosti 2023 tukapanda basi, tukavuka Namanga na kadi zetu za homa ya manjano, tukalala Dar es Salaam, na asubuhi tukaingia kwenye boti. Ni safari ndefu ya kukaa, na mtu akikaa sana husema. Fundi ni Mkamba wa Wamunyu. Huko kwao jina la Mutisya Munge linajulikana: mtu aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Kutoka kwake kazi ile ilienea Ukambani, ikafika Nairobi, ikafika hadi Changamwe kule Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walijenga ushirika mkubwa. Babu yake Fundi naye alichonga swala na twiga za muhugu, mpaka miti ya muhugu ikaadimika na mjukuu akaja mjini kupigilia mabati. Dirishani kwa basi, tambarare za Wamaasai zikipita, aliniambia anafuata nyayo za wazee wake. Alisema kwa sauti ya chini, nami sikutia neno.

Basi nieleze alichokitafuta. Watembezaji wa wageni wana maelezo mazuri kuhusu milango ya Unguja: kuna ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na ile ya tao yenye asili ya Kihindi, mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo ni ulinzi, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Fundi aliyasikiliza yote kwa adabu, kisha akaomba mlango ufunguliwe na ufungwe, polepole, mara tatu. Akalala kifudifudi barazani, shavu sakafuni, akitazama chini ya ubao.

"Hauna bawaba," alisema.

Kweli haukuwa nazo. Ubao wa msaji, mzito kiasi cha kuhitaji wanaume kadhaa kuubeba, ulikuwa umetoa ncha mbili pembeni, moja juu na moja chini, na kila ncha ilikuwa imeingia kwenye tundu la kizingiti. Mlango wote ulizunguka juu ya ncha hizo. Aliingiza kidole kwenye tundu la chini, akakitoa kikiwa na vumbi laini, akanionyesha. Mimi niliyemzoea mtu huyu miaka mingi sijapata kumwona na uso ule.

Si kila kitu kilimfurahisha. Shangani tulisimama mbele ya nyumba aliyoishi Tippu Tip, ambaye utajiri wake ulitoka kwenye pembe za ndovu na watumwa. Mlango wake ni miongoni mwa iliyochongwa vizuri mno mjini. Fundi aliutazama kwa muda mrefu mikono ikiwa nyuma, bila kuugusa. Ndio peke yake ambao hakuugusa. Tulipoondoka alisema aliyeuchonga bila shaka alikuwa na watoto wa kulisha, na hakuongeza. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa limezungushiwa uzio tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020, nasi tukalipita kwenda Forodhani kunywa juisi ya miwa.

Siku ya mwisho tulifuata sauti ya nyundo ya mti hadi kwenye karakana ndogo. Ndani, mzee alikuwa amekaa juu ya ubao wenyewe, mguu mmoja huku na mwingine huku, anapitisha patasi kwenye mstari wa penseli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Akatuambia kwamba zamani mlango ulisimikwa kwanza, nyumba ikajengwa kuuzunguka. Fundi akamjibu kwamba kwetu nyumba hujengwa kwanza, na siku ya kubomolewa mlango ndio kitu ambacho mtu hutamani kuondoka nacho. Mzee akaacha kugonga. Akamtazama usoni, kisha mikononi, akampisha kwenye ubao na kumpa patasi. Fundi alichonga urefu wa kiganja kimoja. Mzee alipitisha kidole gumba juu yake na kusema, "Endelea, baba." Nadhani hakuna kitu kilichompa furaha zaidi katika safari ile yote.

Tuliporudi Sisal alijifungia karakanani. Mlango aliotoka nao ulikuwa wa saipresi na mabati kama mingine, ila hauna bawaba hata moja. Una ncha mbili za mbao ngumu zinazoingia kwenye vizingiti, na tundu la juu amelichimba kwa kina zaidi ya urefu wa ncha ya chini. Komeo likifungwa hauinuki hata kidogo. Komeo likifunguliwa, unausukuma juu, ncha ya chini inachomoka, unauvuta kwako. Pembeni mwa mwimo amechonga samaki mmoja, mdogo kama kidole.

Aliupeleka kwa mama yule, ambaye sasa amepanga karibu na Vietnam, kule kule Mukuru, akausimika, akamwonyesha mahali pa kushika. Mama akaweka mikono pale pale, akainua. Mlango ukatoka mzima. Akasimama nao uani, ameukumbatia kifuani, watoto wanamtazama. Kisha akaurudisha mahali pake, akaufungua na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga.